Jina Lililoandikwa Vibaya



Watu wengi hudhani ya kuwa ugonjwa hushindwa kwa sindano na dawa tu. Nasi tulidhani hivyo miaka mingi. Lakini leo twataka kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, likatufundisha ya kuwa pana chombo kingine tena, kidogo na cha bei rahisi, kiwezacho kumwokoa mgonjwa au kumpoteza. Chombo hicho ni kalamu ya karani. Hatusimulii ili tujisifu, kwa maana hatuna la kujisifia hapo. Kosa lilikuwa letu.

Sisi ni mwalimu. Tulisoma seminari ndogo, kisha tukaanza seminari kubwa, mpaka tulipotambua ya kuwa wito wetu ulikuwa ndoa na ubao wa darasa. Tangu hapo twafundisha katika kijiji kimoja cha jimbo la Tanganyika, si mbali na mto Lualaba. Mapadri walitufundisha kuandika mwandiko safi, wenye herufi zilizosimama sawa kama askari. Kwa hiyo kila neno la kuandikwa kijijini huletwa kwetu: barua ya kuposa, hesabu ya mchango, orodha ya marehemu. Tulikuwa tukiona fahari kwa kazi hiyo. Fahari ndiyo iliyotupofusha.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, kikosi cha waganga wanaozunguka vijijini kilifika kwetu kutafuta ugonjwa wa malale. Wazee wetu waujua ugonjwa huo. Huletwa na mbung'o wakaao penye vivuli vya mito, pale wanawake watekapo maji na wanaume wafungapo mitumbwi. Mtu akiumwa na mbung'o mwenye vijidudu, mwanzoni huona homa ya kwenda na kurudi, maumivu ya kichwa, na tezi za shingo kuvimba. Haya yote hufanana na magonjwa mengine, naye huendelea kulima na kuvua. Baada ya miezi mingi, pengine miaka, vijidudu huingia ndani ya ubongo. Hapo mtu hulala mchana na kukesha usiku. Mpole huwa mkali, msafi huwa mchafu, mwenye akili husema maneno yasiyo na maana. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa.

Kwa sababu ugonjwa huo hujificha hivyo, waganga hawawezi kungoja mgonjwa aje kwao. Ni lazima wao waende kumtafuta angali akijiona mzima. Tena katika malale ya kwetu Kongo, ghala kubwa la vijidudu ni mwanadamu mwenyewe. Mbung'o huvinyonya kwa mtu mmoja na kuvipeleka kwa mwingine. Basi mgonjwa mmoja aliyesahauliwa ni kama kaa la moto lililoachwa chini ya majivu: nyumba imekwisha kulala, kaa lingali linawaka.

Kazi yao ilipangwa hivi. Chini ya mwembe waliweka meza tatu. Penye meza ya kwanza aliketi karani, na karani tulikuwa sisi. Tuliandika katika buku namba ya mtu, jina, umri, kijiji, na namba ya simu kama anayo, kisha tukampa fishi yake, yaani kile kikaratasi chenye namba. Penye meza ya pili alichomwa kidoleni; tone la damu likachanganywa na dawa juu ya kadi nyeupe, kadi ikazungushwa dakika chache. Kipimo hicho kilibuniwa Antwerpen, Ubelgiji, mwaka wa 1978. Damu ikijikusanya kama punje ndogo, mtu huyo anashukiwa. Penye meza ya tatu walipapasa tezi za shingo na kutazama kwa darubini ya kukuzia vijidudu.

Vijidudu vikionekana, mtu hupelekwa kutibiwa mara moja. Lakini wako ambao kadi yawashuki, na darubini haioni kitu. Damu ya hao hutonwa juu ya karatasi yenye kunyonya, ikakaushwa, ikatumwa mbali kupimwa kwa namna iliyo hakika zaidi. Jibu huja baada ya majuma mengi. Wasomaji, tazameni vema hapo. Damu husafiri peke yake. Mwenyewe hurudi shambani kwake. Kati ya damu na mwenyewe imebaki kamba moja tu, nayo ni yale maneno aliyoandika karani. Kamba hiyo ikikatika, hata mpimaji awe hodari namna gani, jibu lake ni mshale uliotupwa gizani.

Siku ile walipita watu zaidi ya mia tatu. Asubuhi tuliandika kwa uangalifu. Mchana tulianza kuchoka. Jua lilipoelekea kushuka, watu walikuwa wakisukumana, watoto wakilia, dereva wa kikosi akipiga honi. Hapo ndipo alipofika mbele yetu mwanamke mmoja, amebeba mtoto mgongoni, akalitaja jina lake kwa sauti ya chini.

Jina lake hatutaliandika hapa. Itoshe kusema ya kuwa lilikuwa jina la pacha. Mwajua desturi ya Waluba: mapacha hawachaguliwi majina na baba wala mama, wanazaliwa nayo. Ndiyo maana kila kijiji kina Kyungu wengi na Kabange wengi, waume kwa wake. Sisi twajua sana jambo hilo, maana darasani mwetu hatuiti jina la pacha bila kuongeza jina la baba. Lakini jioni ile hatukuongeza neno. Tuliandika jina moja tu. Chini ya neno «kijiji» tulitia vile viwili vidogo vyenye maana ya «kama juu», kwa kuwa watu ishirini waliomtangulia walikuwa wa kijijini petu. Umri hatukuuliza, tulimtazama usoni tukaandika 30. Namba ya simu alitutajia ya shemeji yake, aliyoikariri kwa kichwa. Tukaiandika haraka, wala hatukumsomea tulichoandika. Kazi yote hiyo haikutimiza nusu dakika.

Kumbe mwanamke huyo hakuwa mtu wa kijijini petu. Alikuwa amekuja sokoni kuuza samaki wakavu, akakuta watu wanapimwa, naye akajipanga kwa hiari yake. Kwake kulikuwa ng'ambo ya mto, katika kambi ya wavuvi, mwendo wa saa tatu kwa mtumbwi. Na asubuhi ile ile tulikuwa tumekwisha mwandika mwanamke mwingine, mwenye jina lile lile la pacha, mkaaji wa kwetu hasa, ambaye naye tulimkadiria miaka 30.

Baada ya majuma kadhaa jibu lilirudi: mwenye namba ile, damu yake ina alama ya malale. Waganga wakapiga simu. Akaitika mtu wa mbali asiyejua lolote, kwa maana tarakimu mbili tulikuwa tumezigeuza. Wakafungua buku, wakakuta majina mawili yaliyofanana kwa kila kitu: jina lile, kijiji kile, umri ule. Wakadhani ya kuwa karani amemwandika mtu mmoja mara mbili. Akaja mwuguzi kwa pikipiki, akauliza jina, akaonyeshwa mwanamke wa kijijini petu. Fishi yake yenye namba ilikuwa imekwisha kuliwa na mchwa. Basi akachukuliwa.

Mama huyo alikuwa mzima kabisa. Hospitalini walimpima damu tena, wakamchoma sindano mgongoni ili kutoa maji ya uti wa mgongo, wakatazama, wasione kijidudu hata kimoja. Wakamwandikia kuwa hana ugonjwa, wakamrudisha. Lakini alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Watu hawakutaka kununua mihogo yake sokoni. Mkwewe alimtengea kikombe chake peke yake. Kila aliposinzia kidogo baada ya kazi, watu walikonyezana.

Siku moja alitujia nyumbani, hakuketi kwenye kiti tulichompa, akatuuliza: «Mwalimu, ni nani aliyeandika jina langu?»

Tulimjibu ya kuwa ni sisi, tukafungua daftari letu tuliloweka kama nakala, ili kumwonyesha ya kuwa tuliandika sawa. Ndipo macho yetu yalipofunguka. Jina lake lilikuwa limeandikwa asubuhi, kwa mwandiko mzuri. Na mwishoni mwa ukurasa mwingine, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka, lilikuwako jina lile lile, pamoja na vile viwili vidogo vya «kama juu». Hatukuwa tumemwandika mtu mmoja mara mbili. Watu wawili walikuwa wamepita. Na yule wa pili, mwenye damu ya hatari, hakuna mtu aliyemtafuta. Tangu siku ya kupimwa ilikuwa imepita miezi mitano.

Usiku huo hatukulala. Asubuhi tulimwendea Padri paroko, tukamweleza yote. Hakutukemea. Alifungua kabati, akatuwekea mezani mabuku ya ubatizo.

Wasomaji wengi hawajui namna mabuku hayo yanavyoandikwa. Kila mbatizwa ana namba yake. Panaandikwa jina la ubatizo na jina la ukoo, siku ya kuzaliwa, jina la baba na la mama, mahali walipokaa, na wasimamizi wake. Tena pembeni pameachwa nafasi. Mkristu akifunga ndoa, hata katika parokia ya mbali, padri wa huko hupeleka habari parokiani alikobatizwa, nayo huandikwa pembeni mwa jina lake. Hivyo mtu aweza kuhama mara tatu, buku likamfuata kama kivuli. Tulipokuwa seminari kazi hiyo tuliiona kuwa ya kuchosha. Sasa tulitambua ya kuwa walioipanga walijua udhaifu wa kumbukumbu ya wanadamu.

Tulitafuta wanawake wenye jina lile la pacha, wa umri ulioelekea ule. Tuliwapata saba. Wawili walikuwa wamefariki, watatu walikuwa wamehamia Lubumbashi na Kalemie, mmoja alikuwa yule mama wa kwetu. Wa saba, pembeni mwa jina lake paliandikwa ndoa iliyofungwa katika kikanisa cha ng'ambo ya mto. Siku ya pili yake tulipanda mtumbwi pamoja na katekista.

Tulimkuta mchana, saa saba, amelala kando ya meko. Mkono wake wa kuume ulikuwa na kidonda kikubwa cha moto: usingizi ulikuwa umemwangusha juu ya makaa alipokuwa akipika sombe. Mavyaa yake alituambia ya kuwa mke huyu amekuwa mvivu, tena pengine amelogwa. Mumewe alikuwa amempeleka yule mtoto wa mgongoni kwa dada yake, akiogopa asije akaanguka naye majini. Tulipomwita jina lake, alifumbua macho, akatutazama, akayafumba tena.

Tulimpeleka hospitalini. Vijidudu vilikuwa vimekwisha ingia katika maji ya uti wa mgongo. Zamani neno hilo lingetutia hofu kubwa, kwa maana dawa iliyotumika kwa wagonjwa wa hali hiyo ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake, nayo iliwaua kadiri ya watu watano katika kila mia waliotibiwa nayo. Lakini tangu mwaka wa 2018 imekubaliwa dawa ya kumeza iitwayo fexinidazole. Mama huyo aliimeza siku kumi mfululizo, kila mara baada ya chakula, mbele ya mwuguzi. Alipona. Usingizi ulirudi mahali pake pa usiku, na mtoto alirudi mgongoni pa mamaye. Lakini kovu la mkono halikuondoka, na vidole viwili havijakunjuka hata leo.

Tulipokwenda kumwomba msamaha, tulikuwa tumejitayarishia maneno marefu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: «Mwalimu, mimi nilikutajia jina langu. Mbona hukuniuliza ninakaa wapi?» Hatukuwa na jibu. Hata sasa hatunalo.

Kwa mama yule wa kwanza tulifanya tulivyoweza. Kwa idhini yake tulisimama sokoni, siku yenye watu wengi, tukatangaza ya kuwa yeye hakuwa na ugonjwa, na ya kuwa kosa lilikuwa la mwandiko wetu. Wengine walicheka. Lakini juma lililofuata mihogo yake ilinunuliwa.

Tangu siku hizo tumefikiri sana juu ya majina ya watu wetu, na sababu zinazoyafanya yapotee katika mabuku.

Sababu ya kwanza ni wingi wa majina. Mtu mmoja ana jina la babu yake, jina la ubatizo, jina la utani, na baada ya kuzaa huitwa Mama Fulani au Baba Fulani. Mwaka wa 1972 serikali ya Mobutu iliyakataza majina ya Kikristu katika karatasi za nchi. Wazazi wetu waliandikwa upya kwa majina mengine. Baadaye, katazo lilipolegea, wengi waliyarudia majina ya zamani. Hivyo mzee mmoja aweza kuwa na karatasi tatu, na kila moja yataja mtu mwingine.

Sababu ya pili ni kukosa buku moja la nchi nzima. Hesabu ya watu wote ilifanywa mwaka wa 1984, kisha miaka zaidi ya thelathini na mitano ikapita bila hesabu nyingine. Watu wengi wametumia kadi ya mpiga kura kama cheti cha kujitambulisha, na kadi hizo zimeandikwa upya kwa kila uchaguzi mkubwa, kila karani akiandika alivyosikia kwa sikio lake.

Sababu ya tatu ni mwendo. Vita imewahamisha watu, machimbo yamewaita vijana, uvuvi na mashamba yana majira yake. Simu nayo si mwamba wa kujengea: leo ni ya kaka, kesho imeuzwa, kesho kutwa namba imefungwa.

Sababu ya nne ni ya zamani, nayo ni hofu. Wakati wa Wabelgiji, tangu mwaka wa 1910, msafiri alidaiwa pasi ya mganga. Waliokutwa na malale walifungiwa katika nyumba za wagonjwa, mbali na jamaa zao, na wengi hawakurudi. Watu walijifunza kukimbilia porini waonapo kikosi cha waganga, na waliokamatwa walitaja jina la uongo. Twawezaje kuwalaumu? Mtu humpa jina lake la kweli yule anayemwamini. Anayetaka buku lenye kweli na aanze kwa kustahili kuaminiwa, na asiwatangazie watu siri za wagonjwa.

Hata hivyo tusisahau mema yaliyofanyika. Kwa kuzunguka kijiji kwa kijiji, na kuandika mtu kwa mtu, ugonjwa ulishuka sana, hata karibu na mwaka wa 1960 wagonjwa wapya katika Kongo nzima walikuwa zaidi kidogo ya 1,000 kwa mwaka. Kisha vikosi vikakosa gari, mafuta na mishahara. Mabuku yakaliwa na panya. Mwaka wa 1998 nchi yetu peke yake ilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Ugonjwa haukuwa umekufa, ila hapakuwa na mtu wa kuuandika. Kazi ikaanzwa tena, na kuanzia mwaka wa 2018 mpaka 2023 dunia nzima ilihesabu wagonjwa chini ya 1,000 kila mwaka, walio wengi wakiwa wa Kongo. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka shabaha ya kukomesha uenezaji wa malale ya kwetu ufikapo mwaka wa 2030. Lakini hesabu ikipungua, kila mtu mmoja huzidi uzito. Penye wagonjwa elfu, kosa moja ni moja katika elfu. Penye mgonjwa mmoja, kosa moja ni yote.

Mtu asiseme ya kuwa mambo haya ni ya vijiji vyetu tu, na ya kuwa mashine zikija yatakwisha. Huko Uingereza kila mwanamke ana namba yake ya afya, na barua humwita akapimwe kwa siku yake. Hata hivyo, mwezi wa Mei 2018, waziri wao wa afya alisimama bungeni akatangaza ya kuwa wanawake wapatao 450,000 wa makamo ya uzee huenda hawakupata barua ya kuitwa kupimwa saratani ya matiti. Walioteuliwa kuchunguza jambo hilo walionyesha, mwisho wa mwaka ule ule, ya kuwa hesabu ya kweli ilikuwa ndogo sana kuliko ile, na ya kuwa wenye kazi hawakuelewana hata juu ya kanuni yenyewe. Mwaka ule tena ikajulikana ya kuwa wanawake zaidi ya 40,000 hawakutumiwa barua za kipimo cha mlango wa uzazi. Kumbe mashine hurudia kwa uaminifu kosa aliloingiziwa na mwanadamu. Sisi kwa kalamu tulimpotezea njia mtu mmoja. Mashine huweza kuwapotezea njia maelfu kwa usiku mmoja.

Kikosi kilipokuja tena, tulitaka kukataa kuandika. Kiongozi wao akatuambia: «Mwalimu, anayejua shimo lilipo ndiye anayefaa kuongoza njia.» Tukakubali, lakini tulijiwekea kanuni, nazo twawapa nanyi, hasa ninyi wanafunzi mtakaokuwa makarani wa kesho.

Ya kwanza: jina halitoshi. Andika na jina la baba na la mama, jina la ubatizo kama lipo, na jina analoitwa na jirani zake. Ya pili: usiulize «kijiji gani» tu, uliza alale wapi usiku, na majira ya kuvua na ya kulima huwa wapi. Andika alama: karibu na kikanisa, nyuma ya kisima, kwa kapita fulani. Ya tatu: usitumie kamwe alama ya «kama juu». Kila mtu astahili neno lake zima. Ya nne: namba ya simu iandikwe pamoja na jina la mwenye simu, kisha ipigwe palepale, simu ikilia, au mwenyewe akiitika, utajua. Ya tano: msomee mtu ulichoandika, naye aseme «ndiyo». Ya sita: ukikosea, piga mstari mmoja, uandike sawa juu yake, usifute, kwa maana aliyekuja nyuma anahitaji kuona ulipojikwaa. Ya saba: majina mawili yakifanana, simama. Usidhani ni mtu mmoja mpaka umewaona wote wawili.

Kwa njia hiyo twaandika watu wachache kwa saa moja. Dereva apiga honi kama zamani. Na tukichoka, twampa mwalimu mwenzetu kalamu, maana tumejua ya kuwa mwandiko wa jioni ndio wenye hatari.

Nanyi wazazi, kuna sehemu yenu. Mkiitwa kupimwa, tajeni majina yenu ya kweli, na ya watoto wenu vilevile. Fishi mnayopewa iwekeni pamoja na cheti cha ubatizo, mbali na mchwa na moshi. Mkihama, mwambieni mwuguzi wa dispensari. Mtu akifariki, mwambieni pia, ili wasimtafute marehemu wakamwacha aliye hai. Na mganga akija kukutafuta kwa jina ambalo si lako hasa, usinyamaze kwa haya. Mwulize: «Jina la baba yake ni nani?» Swali hilo moja lingemwondolea mama wa kijijini petu sindano ya mgongoni, na mama wa ng'ambo kovu la mkono.

Mwezi uliopita tulimwona sokoni yule mama wa wavuvi, akiuza samaki wakavu kama zamani, akiwapima kwa mkono wa kushoto. Kikosi kilikuwa chini ya mwembe, kwa maana aliyetibiwa naye hutazamwa tena. Alijipanga, akafika mbele ya meza yetu. Tulimsalimu kwa jina lake. Yeye hakuitikia salamu kwanza. Aliinama juu ya buku, ijapokuwa hajui kusoma, akaweka kidole penye mstari tuliokuwa tukiuandika, akasema:

«Mwalimu, leo andika na mto.»

Tukaandika na mto.